Zamu ya Darubini

Ndugu zangu tunaoishi chini ya mlima huu, naomba mnisikilize hata kama jambo hili mmeshalisikia kwa wengine. Najua limezungumzwa sana sokoni na misibani, na kila aliyelibeba ameongeza chumvi yake. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kidirisha cha lango la msitu, ninayeandika majina ya wageni wanapopanda na kuwawekea alama wanaposhuka. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Nimechoka, sifichi, lakini hili nitalisema lote.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya choo cha wageni, na ndege walikuwa wakiitana ndani yake bila kuonekana. Wageni kumi na mmoja walikaa kwenye benchi wakifunga kamba za viatu, wengine wakijipaka dawa ya mbu ambayo huku juu haina kazi, maana mbu wenyewe baridi imewashinda. Mmoja wao, mwalimu mstaafu mwenye kofia pana na daftari dogo, aliniuliza kila kitu kinachoulizika: mvua hunyesha saa ngapi, njia ina urefu gani, na yule tuliyesoma habari zake ndiye kweli atakayetuongoza.

"Mama, mmepata bahati," nilimjibu. "Ofisi imenipigia sasa hivi, mnakwenda na Darubini."

Darubini ni jina tulilompa sisi wenyewe. Kifaa chake cha kuonea mbali hakikumtoka shingoni hata akienda kuzika. Alikuwa hodari kweli. Mgeni angetazama tawi mara tatu asione kitu, yeye angenyoosha kidole taratibu na kumwonyesha kinyonga aliyekuwa hapo muda wote, macho yakizunguka kila moja upande wake. Alijua jani gani huliwa na nani, nani amepita wapi, na amepita lini. Na alikuwa na mwiko mmoja katika kazi yake: hakuwahi kumwambia mgeni "sijui". Wenzake wakiulizwa jambo gumu husema watauliza, au hubadilisha mazungumzo. Yeye alikuwa na jibu kila mara, na akilitoa alilitoa kwa namna ambayo hata mimi, niliyezaliwa hapa, nililiamini.

"Mgeni hakusafiri siku mbili kuja kusikia sijui," alizoea kutuambia.

Kwenye kidirisha changu kuna kitabu cha maoni. Wageni wakishuka huandika walivyoona. Kila jioni, kabla ya kwenda kwake, Darubini alipita na kuniuliza, "Leo wamesemaje, dada karani?" Nami nilimsogezea kitabu. Alisoma amesimama, midomo ikicheza, na mahali aliposifiwa alisoma mara mbili. Mimi simlaumu mtu kwa kupenda kusifiwa. Hata mimi mgeni akiusifu mwandiko wangu siku yangu huwa nyepesi. Lakini nilimwona mwaka hadi mwaka, na nilijua sifa zile zilishakuwa chakula chake. Alipokosa kutajwa, aliondoka pale kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Sasa twendeni nyumbani kwake.

Ni nyumba ya vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani anakaa mkewe, fundi cherehani, anashona sare za shule. Binti yao yuko shule ya bweni. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama yake Darubini, ambaye mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa. Mama huyu alimlea mwanawe peke yake kwa kuchuma mboga na majani ya dawa mlimani, na kila jani alilojua Darubini alilijua kwa kutembea nyuma ya mama yake akiwa amebeba gunia. Hilo hakuwaambia wageni hata siku moja.

Miaka miwili iliyopita kumbukumbu za Bi Mkubwa zilianza kumtoka. Kwanza alitia chumvi mara mbili kwenye chungu kimoja. Kisha akaanza kumwita mkwewe kwa jina la dada yake marehemu. Baadaye viatu vikawa vinapatikana ndani ya pipa la maji, na mara mbili watu wa bodaboda walimrudisha kutoka barabara kuu akiwa amevaa nguo za kulalia. Daktari hakuzunguka. Alisema, "Huyu haachwi peke yake. Hata kidogo."

Wakakubaliana zamu. Asubuhi mke, mchana mume, na siku isiyo na wageni yote ni ya mume. Mpango mzuri. Ila siku zisizo na wageni zikaanza kupungua, na Darubini alipoitwa hakukataa. Zamu zote zikamwangukia mwanamke. Akawa anashona mguu mmoja kwenye kanyagio na jicho moja mlangoni. Sare moja ilirudi ina mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na haikuwa ya kwanza.

Siku moja tulikutana bombani. Nilimwambia amekonda.

"Shoga, nimechoka mpaka nikilala naota nimekaa," alinijibu.

"Si umwambie mumeo."

"Nimemwambia mpaka mate yamenikauka. Ananiambia mama ni mtulivu. Kwake ni mtulivu, maana anarudi anamkuta amelala."

Tulicheka kidogo, tukajitwika ndoo zetu, kila mtu akaenda kwake. Nakumbuka nilimhurumia njia nzima. Kumsaidia hata siku moja, sikumsaidia.

Siku ile ninayowasimulia, fundi cherehani alikuwa na miadi ya kupimwa presha mjini. Miadi hiyo alikuwa ameiahirisha mara tatu kwa sababu hakukuwa na wa kubaki na Bi Mkubwa. Wiki nzima alimkumbusha mumewe, na alfajiri ile, akiwa amesimama mlangoni na kadi ya kliniki mkononi, alirudia tena.

"Leo ni zamu yako. Usitoke."

"Sitoki."

"Niangalie machoni uniambie."

"Mke wangu, nenda utachelewa basi. Sitoki."

Akaenda kupanda basi la kwanza. Haikupita saa moja simu ya Darubini ikalia. Ilikuwa ofisi. Mwongozaji aliyepangiwa kundi la siku hiyo ameshikwa na homa. Wangeweza kumtuma mwingine, lakini wageni wenyewe wamesoma habari zake mahali, na wamemtaja yeye. Wamesema wanamtaka Darubini, si mtu mwingine.

Baadaye aliniambia kwamba angeambiwa tu kuna pengo, angekataa. Neno lililommaliza ni hilo, kwamba wametaja jina lake.

Akamchungulia mama yake. Amelala, ameelekea ukutani. Kwa kawaida huamka saa nne. Matembezi mafupi huchukua muda wa saa mbili na nusu. Akajipigia hesabu: nitakwenda na kurudi, hata hatajua. Akamwekea chai kwenye chupa na vipande viwili vya mkate chini ya sahani, akawasha redio kwa sauti ya chini ili akiamka asikie watu. Mlango hakuufunga kwa ufunguo, kwa sababu Bi Mkubwa akikuta mlango umefungwa hupiga kelele mpaka sauti imkauke. Aliurudishia tu.

Na jirani? Jirani yao ana miguu na ana moyo mzuri, angekuja kukaa. Darubini hakumwambia. Alijua jirani angemwambia mkewe. Hapo ndipo ninapowaomba mtulie kidogo, ndugu zangu, kwa sababu mtu anayeficha jambo ameshajua kwamba ni baya.

Aliingia langoni mbio mbio, darubini ikimpigapiga kifuani.

"Si ulisema leo uko nyumbani?" nilimuuliza.

"Mara moja tu, dada. Saa nne nimesharudi."

"Na Bi Mkubwa?"

"Amelala."

Nikaandika: wageni kumi na mmoja, mwongozaji mmoja, njia ya mgongoni mwa mlima, saa moja na nusu asubuhi. Wakapotelea ukunguni. Nilimsikia akiwaambia wasimame wasikilize, wakasimama.

Saa mbili na nusu nilikuwa na foleni. Kundi la wanafunzi wa chuo lilikuwa limefika, kila mmoja na kitambulisho chake kilichochanika. Nikainua macho nikamwona Bi Mkubwa anapita kando ya foleni. Amejitanda shali, ameshika kikapu chake cha zamani, miguuni ana malapa yasiyolingana rangi. Alitembea vizuri, wima, kama mtu anayejua aendako.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kazi?"

"Njema. Unakwenda wapi na baridi hii?"

"Namfuata mwanangu. Yuko huku juu na wageni."

Alikuwa na habari kamili, ndugu zangu. Mwanawe kweli yuko juu, kweli yuko na wageni. Sijui aliambiwa na redio au na moyo wake. Nikadhani wamekubaliana. Nikadhani labda Darubini ameona amchukue awe naye machoni. Nilidhani mambo mengi kwa muda mfupi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanane na wote walikuwa wananisemesha. Nikamwambia, "Haya mama, pole pole, kuna utelezi." Akapita. Sikumwandika, kwa kuwa wenyeji hatuwaandiki. Huo ndio utaratibu wetu. Mgeni akichelewa kushuka kwa nusu saa, napiga kengele na watu wanapanda kumtafuta. Mwenyeji anaingia na kutoka kama upepo, anashukia popote, hata katikati ya mashamba.

Yaliyotokea juu nilihadithiwa na mwalimu mstaafu, na baadaye na Darubini mwenyewe.

Walipanda kwa njia ya mgongoni. Aliwaonyesha mmea unaofunga majani yake usiku, akawaonyesha alama za kucha kwenye gome, akawanusisha udongo. Walipofika kwenye miti mirefu walikuta mbega, na katika mbega hao kulikuwa na mtoto mchanga mweupe pe, wanampokezana mikononi mama huyu kwa mama yule. Wageni hawakutaka kuondoka. Mwalimu aliona mwongozaji wao anatazama saa.

"Una haraka, ndugu?"

"Hapana, mama. Mlimani hatuna haraka."

Ilikuwa saa nne kamili. Saa ile alitakiwa awe anafungua mlango wa nyumba yake. Wakamwomba wakae kidogo, akakaa nao. Wakamwomba wapite njia ndefu ya kijitoni, akawapitisha. Kila ombi lilikuja na neno la kumsifu, naye kila neno lilimlegeza.

Saa sita walikuwa wanashuka kando ya kijito. Hapo mwalimu akaita. Kwenye jiwe bapa, hatua moja kutoka njiani, kulikuwa na majani yamewekwa. Ni yale majani yenye manyoya laini ambayo hutumika kwa kikohozi. Yalikuwa mabichi, hayajanyauka, yamepangwa safu moja, vikonyo vyote upande mmoja. Mmea wenyewe ulikuwa hapo hapo, umechumwa ncha tatu tatu kila tawi, mengine yameachwa ili yakue. Na zaidi ya hapo majani ya chini yalikuwa yamelazwa kuelekea kwenye mianzi, mahali ambapo hakuna njia.

"Hii ni kazi ya nani?" mwalimu aliuliza.

Wageni wote wakamgeukia Darubini. Alichuchumaa, akagusa vikonyo. Aliniambia kwamba pale moyo wake ulishtuka. Aliutambua mkono uliochuma. Ncha tatu kila tawi, vikonyo upande mmoja: alifundishwa hivyo hivyo akiwa na gunia mgongoni, na katika mlima mzima ni mtu mmoja tu anayechuma vile. Lakini mtu huyo alikuwa amelala nyumbani. Alikuwa amemwacha amelala. Kusema vinginevyo ilikuwa ni kukiri mbele ya watu kumi na mmoja kwamba hajui, au kwamba anajua.

"Nyani," alisema. "Nyani ana vidole kama vyetu. Huchuma, huchagua, akisikia watu anakimbia na kuacha. Huyu amekimbilia kwenye mianzi."

Wakaandika kwenye madaftari yao. Mwalimu hakuandika.

"Nyani anapanga vikonyo upande mmoja?"

"Huyu alisoma shuleni kwako, mwalimu."

Wote wakacheka. Walicheka sana, kwa sauti, kama watu waliochoka vizuri. Kisha wakaendelea kushuka.

Saa saba walikuwa langoni. Nikawawekea alama, wote kumi na mmoja. Kitabu cha maoni kikapita mikononi mwao, wakakijaza ukurasa mzima. Mmoja aliandika: "Mtu huyu hakuna kinachompita." Darubini akasoma. Halafu, badala ya kukimbia nyumbani, akaketi nao kwenye benchi, kwa sababu walikuwa na maswali zaidi. Saa nane mvua ikaanza, ile ya huku kwetu, ya baridi na isiyo na haraka. Wakasogea chini ya kibanda wakaendelea kuzungumza. Mimi nilimwona, nikamkumbuka Bi Mkubwa, nikajiambia bila shaka ameshashukia mashambani kama wenyeji wafanyavyo. Sikuuliza. Kinywa nilikuwa nacho na sikuuliza.

Saa tisa mkewe akatokea katika mvua. Kadi ya kliniki ilikuwa bado mkononi, imelowa, wino umetiririka. Alikuwa ameanzia nyumbani. Alikuta redio inazungumza na chumba kitupu, chai haijaguswa. Alisimama mbele ya mumewe.

"Mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Amelala."

"Mimi natoka nyumbani."

Darubini akaitazama saa yake.

"Nakuuliza wewe uliyekuwa na zamu. Mama yuko wapi?"

"Sijui," alisema.

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitamka neno hilo, na alilitamka kwa sauti ndogo sana. Nami nikatoka kidirishani, nikasema nilichotakiwa kusema mapema. "Alipita hapa saa mbili na nusu. Alisema anamfuata mwanawe."

Mwalimu mstaafu akasimama, daftari likamwanguka. "Yale majani," alisema.

Darubini alikuwa ameshaanza kukimbia.

Nikapiga kengele. Bi Mkubwa alikuwa amekaa mlimani kwa muda wa saa sita na nusu, na ndiyo kwanza kengele inapigwa kwa ajili yake. Waongozaji sita waliacha walichokuwa wakifanya wakapanda. Mkewe alipanda vile vile alivyokuwa, na viatu vyake vya kwendea mjini. Nikafunga kidirisha nikawafuata. Sikuwahi kukifunga kabla ya saa katika miaka yangu yote.

Tulimpata saa kumi na moja, mwanga bado upo, ndani ya mianzi, si mbali na lile jiwe. Naweza kusema hatua mia mbili. Alikuwa ameteleza kwenye genge dogo akakaa pale alipoangukia, ameegemea mianzi, mguu mmoja umegeuka vibaya. Shali limelowa. Mapajani amejaza majani, na mikono yake ilikuwa inaendelea kuyapanga.

Darubini alipiga magoti kwenye tope. "Mama."

Bi Mkubwa akamtazama kwa upole. "Karibu, kijana. Umepotea? Njia ya kushuka ni hiyo hapo juu."

"Nimekuja kukuchukua, mama."

"Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini siwezi kuondoka. Namsubiri mtoto wangu. Anatembeza wageni, atapita hapa." Alikuwa anatetemeka, maneno yanakatika. "Mchana nimemsikia. Alikuwa na watu wengi, wanacheka. Nilimwita mara moja, halafu nikaacha. Nikaona nisimharibie kazi. Alikuwa anazungumza vizuri sana."

Mwongozaji mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, aligeuka akatazama mianzi.

Tulitaka kumwinua, akakataa. Mwanawe akija asimkute, atahangaika. Mkwewe akamwinamia, akamfunika kwa koti lake mwenyewe, akamwambia, "Mama, tutamwachia ujumbe. Atajua umeshashuka."

Bi Mkubwa akafikiri. Kisha akachukua majani machache mapajani, akayalinganisha vikonyo, akampa Darubini.

"Basi yaweke pale kwenye jiwe, kijana. Akiyaona tu atajua ni mimi. Mwanangu hakosei majani."

Akaenda kuyaweka. Nilimwona mimi, kwa macho yangu, anapanda lile genge na kuyapanga kwenye jiwe, juu ya yale ya kwanza. Alirudi, akambeba mama yake mgongoni, akateremka naye mpaka langoni bila kukubali kupokezana na mtu. Njia nzima mama alimhadithia habari za mwanawe, jinsi alivyo hodari, jinsi wageni wanavyompenda.

Nyonga ilikuwa imevunjika na kifua kimeingiwa na baridi. Hospitali walijitahidi. Darubini hakutoka kando ya kitanda. Simu za ofisi zilimfuata hadi huko, akawa anazikata, mwishowe akaizima simu yenyewe. Kila asubuhi mama alimuuliza kama mwanawe amefika. Siku za mwanzo alimjibu, "Ni mimi, mama, niangalie." Mama akawa anaogopa, analia, anataka kushuka kitandani. Akaacha. Akawa anamjibu, "Yuko njiani," na mama anatulia.

Siku ya tisa Bi Mkubwa alifariki. Alikufa akimsubiri mtu aliyekuwa amemshika mkono.

Darubini hatembezi tena wageni. Anafyeka njia kwa panga, anazibua mifereji, anapita langoni asubuhi na jioni bila kutazama kidirisha. Mkewe hakumkimbia wala hakumpigia kelele. Wanaishi. Wanaambiana chumvi imekwisha, mvua inakuja, binti anataka madaftari. Nilimuuliza fundi siku moja kama amemsamehe. Alikata uzi kwa meno, akaniambia, "Shoga, hata nguvu za kukasirika sina."

FUNZO

Ndugu zangu, mzee aliyepotewa na kumbukumbu haachwi peke yake, hata kwa saa moja, hata akiwa amelala. Redio haimlindi mtu. Ukikubali zamu, kaa zamu. Ukishindwa, sema umeshindwa, mwite jirani, mwite dada, nipigie mimi. Aibu ya kuomba msaada huisha siku hiyo hiyo.

La pili linawahusu wanaume wa nyumba, nami nalisema bila kuzunguka. Mzazi ni wako. Mkeo anakusaidia, hakubebei mzigo wote. Mwanamke akikuambia amechoka, usimjibu kwamba kazi ni nyepesi, kama hujaifanya wewe.

Wageni watakusifu, na watasema kweli, kisha wataondoka. Si kosa lao, maana hawakuja kuishi nawe. Anayekuhitaji kila siku hana muda wa kukuandikia sifa, na mara nyingi atakachokupa ni lawama tu. Mtumikie huyo kwanza.

Na sisi majirani tusijitoe. Mimi nilimwona mama wa watu akipita, nikamsalimia kwa adabu, nikamwacha aende. Salamu peke yake haimrudishi mtu nyumbani. Ukimwona mzee wa mwenzako barabarani, mshike mkono, umuulize, umsindikize mpaka mlangoni, hata kama una foleni ya watu wanane. Sasa namwandika kila mtu anayepita langoni, mwenyeji na mgeni, na wako wanaonung'unika kwamba nawachelewesha. Nawaacha wanung'unike.

Nimemaliza. Kama nyumbani kwako kuna mzee, nenda kamwone sasa hivi, wakati bado anakujua.